Karani na Chupa ya Niasini

Wapendwa, kaeni vizuri, maana leo nawapeleka masjala. Alikuwapo karani mmoja mstaafu. Miaka thelathini na minne alitunza mafaili ya wilaya, na hakuna faili lililopotea mikononi mwake. Yaliyopotea yalipotelea mezani kwa wakubwa. Alipostaafu alirudi kwenye nyumba yake ya matofali ya kuchoma, kule kilimani, akaishi peke yake, kwa kuwa mkewe alikuwa amekwisha kutangulia.

Sasa niambieni, mwanamume wa miaka sitini na sita, peke yake, anapika nini? Mnacheka, mnajua. Ugali. Asubuhi kiporo cha ugali na chai ya rangi, jioni ugali na chumvi, sikukuu ikifika ugali na majani mawili ya mchicha. Maharage yanachelewa kuiva, dagaa wananuka, karanga zinasumbua meno. Mwaka haukuisha, ngozi ya mikono na shingo ikaanza kubabuka kila palipopigwa na jua. Tumbo likawa halitulii. Na yeye aliyekuwa akitaja namba za mafaili bila kutazama, akawa anatafuta miwani nyumba nzima, nayo iko usoni.

Binti yake, mwalimu wa mjini, akaja akamwona, akashika kiuno.

"Baba, hapa hukai tena. Unahamia kwangu."

"Kwako wapi? Vyumba viwili, na televisheni inapiga kelele kama baraza la madiwani?"

"Basi twende zahanati. Ukipona, utabaki. Ukiugua tena, mzigo wako naufunga mwenyewe."

Hilo ndilo lililomtisha mzee. Kifo alikwisha kukizoea. Lakini kuhamishwa bila kuomba uhamisho? Hapana.

Daktari alimpima, akamweleza kwamba mwili wake umekosa niasini, ile vitamini iliyomo kwenye nyama, samaki, karanga na maharage, na ambayo ugali mtupu hauwezi kuitoa ya kutosha. Akampa vidonge, na karatasi iliyoandikwa pande zote mbili. Na kweli, dawa ile si mchezo. Wiki ya tatu tumbo limetulia, ngozi inarudi, kichwa kimefunguka kama dirisha. Niasini ni zawadi ya Mungu, asije mtu akasema nimeitukana madhabahuni.

Lakini vidonge viliisha, hofu haikuisha. Mzee akawaza: kama hivi vidogo vimenisimamisha kwa wiki tatu, vikubwa vitaniacha nyumbani kwangu mpaka nife. Akashuka sokoni, akanunua chupa ya niasini, kidonge chake kimoja kina nguvu kuliko dozi ya siku nzima ya zahanati. Akameza kimoja asubuhi, kingine jioni, na kwa kuwa binti alikuwa akija Jumamosi, akaongeza cha tatu. Tumbo tupu. Kitambo kidogo uso ukawaka, shingo ikamwasha kana kwamba amepita kwenye upupu. Je, aliogopa? Alifurahi! "Inafanya kazi hii," akasema, huku akijikuna kwa shukrani.

Akaendelea hivyo miezi miwili. Na chakula? Ugali na chumvi. Mwezi wa tatu hata huo ugali ukamshinda, kichefuchefu tangu asubuhi, mkojo rangi ya chai. Binti akaja, akamvuta mlangoni penye mwanga.

"Baba, macho yako yamekuwa ya manjano."

"Ni vumbi la njiani."

"Vumbi la manjano liko njia gani? Vaa viatu."

Damu ikapimwa, majibu yakarudi: ini limeumia. Daktari akaitazama ile chupa, akamtazama mzee.

"Mzee wangu, ile karatasi niliyokupa uko nayo?"

Mzee akaudhika. Yeye kuulizwa habari za karatasi! Akafungua mkoba, akatoa faili la kaki, jipya, namba juu, na ndani yake karatasi ya daktari, haina hata mkunjo mmoja. Tarehe ya kupokelewa kwa wino mwekundu, sahihi chini yake.

"Hii hapa, daktari. Kwangu hakipotei kitu."

Daktari akaigeuza. "Nisomee huku nyuma."

Mzee akasoma kwa sauti ya ofisini: "Vidonge vikiisha usinunue vingine, rudi tupime. Kula maharage, karanga, dagaa au mayai kila siku. Niasini ya nguvu kubwa inaweza kuumiza ini, kupandisha sukari na kuamsha gauti, yaani jongo la viungo. Isimezwe bila daktari kuifuatilia..." Mwisho wa sentensi sauti ilikuwa haisikiki tena.

"Hukuisoma?"

"Daktari, miaka yote kazi yangu ilikuwa kupokea na kutunza. Kusoma ilikuwa kazi ya wakubwa."

Binti akatoka nje kutafuta gari la kubeba mzigo. Ini la mzee linapona, polepole, kule mjini, kwenye vyumba viwili, mbele ya televisheni. Nyumba ya kilimani imefungwa kufuli. Kile alichomeza ili asihamishwe ndicho kilichomhamisha.

Mmecheka sana. Sasa tujitazame. Neno tumelipokea, tumelitia tarehe kwa "Amina" kubwa, tumelivika kitambaa cha kufuma. Nani amegeuza ukurasa akaona alichoagizwa kufanya? Tena tunapenda kuwaka! Ibada isipotutoa jasho tunasema haikuwa na nguvu. Tukitetemeka tunasema tumepona. Mungu ametuandikia mlo wa kila siku: kusamehe, kusema kweli, kumtazama mgonjwa. Sisi tunataka chupa ya sokoni, mkesha mmoja mkali wa kufidia mwaka mzima wa roho iliyokaa na njaa.

Mwenye chupa ya namna ile kabatini, kesho aipeleke kwa daktari, aulize. Na wewe ambaye hujasema na ndugu yako tangu Pasaka, leo usije mbele nikuombee. Nenda kwake. Nenda sasa hivi, kabla hatujaimba wimbo wa mwisho. Tutaimba bila wewe.