Jinsi Binadamu Alivyopata Makamasi na Chafya

Mnaokohoa huko nyuma, sogeeni mbele, maana habari hii ni yenu.

Hapo kale pua ya binadamu ilikuwa kavu kama filimbi. Pumzi iliingia, ikafika mapafuni, ikatoka, na njiani hapakuwa na wa kuiuliza inakwenda wapi. Watu hawakukohoa wala kupiga chafya. Kamasi lilikuwa halijapata hata jina.

Katika milima ya Upare aliishi mjane aitwaye Nakiete, pamoja na mwanawe mchanga, Mbonea, na mama mkwe wake, Namkunda. Mwaka mmoja ukungu wa kipupwe ulishuka na homa ndani yake. Homa ile ilidandia pumzi za watu, ikateremka moja kwa moja mapafuni. Aliyeamka mzima leo alizikwa kesho. Nakiete alichanganyikiwa. Mbona walikufa vijana wenye misuli? Mbona walioshiba walikwenda sawa na wenye njaa? Alijifungia ndani na mtoto, lakini homa ikapenya kwenye ufa wa mlango, na mwili wa Mbonea ukaanza kuchemka.

Akiwa kizingitini, hajui alie au akimbie, Nakiete alimwona Konokono akipanda ukutani. Vumbi na vidudu vilivyomrukia vilinasa kwenye ute wake. Basi akambeba mtoto, akapanda kileleni, ambako siku zile Muumba alisema na watu ana kwa ana.

“Mpe mwanangu alicho nacho Konokono,” akaomba.

Muumba akampaka mtoto ute puani, kooni, hata kwenye njia za mapafu. Nakiete akashukuru, akashuka. Lakini walipofika nyumbani, ute ulikuwa umeinasa homa na haukuwa na pa kwenda. Mtoto akaanza kukoroma, midomo ikageuka rangi.

“Umekwenda kutafuta dawa, umeleta gundi!” Namkunda akafoka.

Nakiete akambeba, akapanda mlima tena, asijue kama amemwokoa mwanawe au amemuua kwa mkono wake mwenyewe. Safari hii Muumba akaotesha vinyweleo visivyoonekana katika njia ile yote, vikayumba pamoja kama nyasi za mlimani, vikiusukuma ute kwenda juu. Kisha akatia upepo mmoja kifuani na mwingine puani. Papo hapo Mbonea akakohoa. Halafu akapiga chafya iliyomlowesha mama yake uso mzima.

“Bwana wangu, anapasuka!” Nakiete akapiga yowe.

“Anafagia,” Muumba akamjibu.

Nakiete hakuelewa. Alirudi nyumbani na mtoto anayechuruzika matundu yote mawili ya pua. Namkunda alipomwona, akachukua majani laini, akayasokota ili amzibe. Nakiete akamshika mkono.

“Acha, mama.”

“Niache mjukuu wangu amwagike mpaka aishe?”

“Sijui, mama. Sijui chochote. Lakini acha.”

Wakakaa wakimtazama, bibi na majani yake mkononi, mama na roho mkononi. Mtoto alikohoa, akachuruzika, akapiga chafya, akalia. Mwishowe joto likapungua, akageuza kichwa akatafuta titi. Namkunda akayaweka majani chini.

Ndipo Muumba akawapa watu wote kile alichompa Mbonea. Vifo vikapungua, lakini havikwisha. Nakiete akapanda mara ya mwisho kuuliza: “Mbona hukuifungia homa mlango kabisa?”

“Nikiufunga kabisa,” Muumba akasema, “pumzi itapita wapi?”

Nakiete akashuka, asijue kama amejibiwa au ameulizwa.

Na tangu siku hiyo, mafua yakituingia, mengi hunaswa njiani, yakafagiwa na kutemwa. Machache hupenya, hayo hutulaza kitandani, na wengi wetu huinuka. Ila kuelewa, bado hatujaelewa. Mtu huyalaani makamasi yake kana kwamba ndiyo yaliyomletea ugonjwa, ilhali ndiyo yanayompigania. Mwulize anayepenga kama yale ni adui zake au rafiki zake. Atakutazama kwa macho mekundu, atafungua kinywa akujibu, na chafya itamtangulia.