Alama ya Kijani

Ndugu zangu, alikuwako mume mmoja aliyekuwa na mke mgonjwa, na juu ya meza yake kulikuwa na kompyuta.

Kazi yake ilikuwa kusafisha rekodi za kwaya. Aliifanyia sebuleni. Mkewe alilala chumba cha mwisho, ng'ambo ya ua, na ugonjwa wa kifua ulikuwa umeila sauti yake hata asiweze kumwita mtu aliye mlangoni. Basi mume akabuni njia. Aliweka simu juu ya mto wa mkewe, akaiunganisha na kompyuta kwa programu ya kupigiana, na mawasiliano hayo hayakukatwa mchana wala usiku. Mke aliponong'ona kule, spika zilisema huku. Mume alipozungumza huku, mto ulisema kule. Je, huo si upendo? Tusiwe wepesi wa kumhukumu.

Wenye kompyuta mnajua kwamba kila programu ina sauti yake. Unafungua kidirisha kidogo, unakuta mistari imepangwa: huu wa muziki, huu wa simu. Unaweza kuushusha mmoja na kuiacha mingine ilivyo. Na kando ya kila mstari kuna alama ya kijani inayorukaruka programu inapopokea sauti, hata kama umeishusha kiasi cha kutosikia kitu.

Jumatano moja, saa nne asubuhi, mume alikuwa akitafuta kosa katika sauti ya tatu. Kikohozi cha mkewe kikaingia katikati ya wimbo. Akarudi nyuma, akasikiliza upya. Kikohozi tena. Akafungua kidirisha, akaushika mstari wa mkewe, akaushusha hadi chini kabisa. Hakuwa na hasira. Alisema moyoni, "Dakika mbili tu."

Hapo hapo mwalimu wa kwaya akampigia kwa programu nyingine.

"Mzee, tuko kanisani tunakungoja! Hawa wa sauti ya tatu wanalia kama mbuzi wa sikukuu. Njoo utuokoe!"

Mume akacheka sana. "Nakuja," akasema.

"Kweli unakuja, au ni kuja kwa maneno?"

"Nakuja, nakuja. Nivumilieni kidogo."

Wakaendelea kutaniana. Alipoinuka kuchukua viatu, alimwona shemeji yake, mdogo wa mkewe aliyekuwa akimuuguza asubuhi hiyo, amesimama mlangoni, kanga imefungwa kiunoni, mikono inaning'inia.

Walizika Ijumaa. Siku ya matanga kuanuliwa, shemeji akaketi karibu naye.

"Shemeji, nakushukuru. Dada hakuondoka na kinyongo."

"Kwa nini unasema hivyo?"

"Si ulimwitikia? Alikuita mara tatu. Mara ya kwanza tukasikia unacheka, naye akatabasamu, akasema, 'Msikie, leo anacheka.' Kisha ukasema unakuja. Nikataka kuinuka nikufuate, akanishika mkono. 'Kaa,' akasema. 'Amesikia. Anakuja.'"

Mume alimkumbuka mwalimu wa kwaya, akayakumbuka yale mazungumzo neno kwa neno. Akaelewa kwamba aliifunga njia ya upande mmoja tu. Sauti ya mkewe haikumfikia, lakini yake ilimfikia mkewe muda wote.

Watu walipotawanyika, akaenda kwenye kompyuta. Haikuwa imezimwa tangu Jumatano. Akafungua kidirisha. Mstari wa mkewe ulikuwa chini kabisa, palepale alipouacha, maana kompyuta haisahau uliyemshusha. Na kando yake, katika ukimya ule, alama ya kijani ilikuwa ikirukaruka.

Simu ilikuwa bado chumbani, kwenye chaja. Hakuna aliyethubutu kuikata. Akaupandisha mstari polepole. Akasikia pazia likijikuna dirishani. Akasikia saa ya ukutani. Akasikia chumba.

Akasogea karibu, akasema, "Nakuja."

Sauti ikavuka ua, ikasemwa katika chumba kisicho na mtu, ikarudi kwake imechelewa kidogo: "Nakuja."

Sasa, ndugu zangu, mlitazamia niwaulize kama Mungu anatusikia. Sitauliza hilo leo.

Sisi hatumfungi mtu kinywa. Tu watu wastaarabu. Mama mzazi anayerudia habari ile ile, mke anayeomba kitu kidogo, ndugu anayekohoa katikati ya wimbo wetu mzuri: tunawashusha tu, mmoja mmoja, kwa dakika mbili, kisha tunasahau, na nyumba inakuwa tulivu nasi tunamshukuru Mungu kwa utulivu. Lakini je, wao wameacha kutusikia? Wanatusikia tukicheka na wengine. Wanatusikia tukiitika "naam" kanisani humu, kwa sauti nzuri, nao huko waliko wanadhani tumewaitikia wao. Wanawazuia hata wale ambao wangekuja kutuita. Wanasema, "Kaa. Anakuja."

Mmeimba vizuri asubuhi hii. Nami nimewasikia.

Lakini kuna nyumba ya mtu mmoja aliyeketi hapa ambako saa hii alama ya kijani inarukaruka, na hakuna sauti. Wewe unamjua ni nani. Ibada ikiisha, usibaki kunisalimia mlangoni. Nenda.