Mihuri Mitatu ya Karani Boadi

Boadi, karani wa ushuru aliyejiona nusu mfalme wa Ashanti, aliingia kibandani kwa Asamoa, mfumaji wa vitambaa vya kente.

"Nifumie nakshi ya mfalme. Ukikataa, nauvunja huu mtambo wako."

"Nakshi hiyo ni ya mfalme peke yake, bwana mkubwa. Akijua, nimekwisha."

"Nikiivaa mimi, nani wa kuuliza?"

"Basi niandikie kibali. Fundi kama mimi atagusaje kazi kubwa hivyo bila mhuri?"

Boadi, ambaye hata kuku wake walikuwa na hati, aliandika, akatia sahihi na mihuri mitatu.

Baada ya wiki mbili alirudi. "Liko wapi vazi langu?"

"Sijaanza, bwana mkubwa. Kwanza nilikipeleka kibali chako kwa mfalme, ili akihakiki." Asamoa akawageukia askari wawili wa mfalme waliokaa nyuma ya mtambo. "Jibu wamelileta hawa."