Macho ya Kwenu

"Macho ya kwenu hayachumi uyoga wa ugenini." Mmeisikia leo akiambiwa bi harusi wetu mgeni, nanyi mkacheka mkidhani anasimangwa. Hakusimangwa. Ketini niwaeleze methali hii ilikoanzia, na anayetaka kucheka acheke nikimaliza.

Alikuwako Nyamizi, binti wa Kinyamwezi, aliyetoka kwao kwenye misitu ya miyombo akaolewa huku kwetu Uhehe, vilimani. Mume alimpenda na chakula kilikuwapo, lakini mvua za kwanza zilipoanguka, moyo ulimrudi kwao. Mvua kama zile, yeye na mdogo wake Kabula walikuwa wakidamkia porini na mama yao, kutafuta uyoga mweupe unaochomoza kwenye ganda mithili ya yai. Aliitamani ladha yake ukipikwa kwa karanga, mpaka usingizi ukampaa.

Siku moja, akiokota kuni, akauona. Mweupe, ganda lake shinani, umesimama chini ya mti kama ndugu aliyekuja kumtembelea. Nyamizi akapiga magoti, akalia kwa furaha. Akaukagua kama mama yake alivyomfundisha: kofia, shina, ganda. Kila kitu kilikuwa cha kwao. Akaujaza kwenye khanga, akarudi nyumbani akiimba.

Ugali ulikwisha songwa na mume alikuwa akinawa mikono, mama mkwe, Bi Sekalinga, alipoingia kutoka shambani. Akafunua chungu, akanusa.

"Huu umeutoa wapi?"

"Porini, mama. Ni uyoga wa kwetu."

Bi Sekalinga akabeba chungu. Akaumwaga uyoga shimoni nyuma ya nyumba, akaufukia ili kuku wasidonoe.

Nyamizi akaona amedharauliwa yeye, mama yake na ukoo mzima. "Kama hamtaki vya kwetu, mngeniacha huko huko!" akalia. "Au mnadhani una sumu? Mbona hata funza walikuwamo? Wangekula sumu?"

"Funza ana tumbo lake, mwanangu, nawe una lako." Mama mkwe akamshika mkono. "Dada yangu aliupika huu. Tulimzika yeye na wanawe. Kwenu kuna unaoliwa, sibishi. Wa huku umefanana nao tu. Macho ya kwenu hayachumi uyoga wa ugenini. Kesho nitakuazima yangu."

Akamwazima kweli. Kila mvua zilipoanza waliingia porini pamoja, mkwe mbele, Nyamizi nyuma, asichume kitu kabla hajauliza. Akaujua ule mdogo wa kahawia wa huku, akaupika, akaula. Ulikuwa mtamu. Haukuwa ule wa kwao.

Miaka ikapita, akaja kwenda kwao kusalimia. Mvua zikamkuta huko, Kabula akampeleka porini. Uyoga mweupe ulijaa chini ya miyombo, ule ule aliokuwa akiuota. Nyamizi akainama, na mkono ukasita. Akautazama, akautazama tena, asithubutu kuung'oa.

"Kabula," akauliza polepole, "huu unaliwa?"

Mdogo wake akaangua kicheko. "Dada nawe! Umekuwa mgeni?"

Nyamizi akacheka naye, kisha akaketi palepale kwenye majani mabichi akalia. Miaka yote ile alikuwa akililia kwao, kumbe alipofika alikuwa na macho ya Bi Sekalinga.

Haya, chekeni sasa, kama bado mnaweza. Macho ya kwenu hayachumi uyoga wa ugenini.