Kinyozi Aliyemnyoa Sultani kwa Mkuki

Hapo zamani, enzi mtu akipimwa kwa urefu wa mkuki wake, palikuwa na mji uitwao Fuweni. Babu yake Sultani Ngwame aliuteka kwa mikuki arobaini tu, ikawa watu wake hawaheshimu kitu kingine. Mwenye mkuki aliketi barazani. Asiye nao alisimama juani, hata awe na mvi.

Faki kinyozi hakuwa na mkuki. Alikuwa na wembe mmoja, mke mmoja, na ulimi usiojua kutulia.

Basi siku moja Sultani akamwona akipita mikono mitupu, akaghadhibika. Akanena, "Toka leo kila mwanamume ashike mkuki kwa mkono wa kulia, asiuachilie hata nikimwamuru mimi mwenyewe, maana adui ni mwingi wa hila. Atakayeuachilia, mkono huo ukatwe. Nawe Faki, kesho ni Idi, uje uninyoe. Usiponinyoa, mkono wako pia ukatwe."

Mkewe akalia. "Mkono ukienda, mume wangu, tutakula nini?"

Faki mwenyewe aliogopa sana, ila alisema, "Tulia, mama. Mimi nitatii yote mawili."

Asubuhi akaingia na mkuki wa kuazima, mrefu kuliko mlango. "Bwana wangu, jipake sabuni mwenyewe, mkono wangu una kazi." Kisha akarudi nyuma hatua nne, akaelekeza ncha kidevuni mwa Sultani.

"Wafanyaje?"

"Nanyoa, Bwana."

"Wembe u wapi?"

"Kiunoni. Mkono wa kulia umeshika mkuki."

"Shika wembe kwa kushoto."

"Astaghafiru! Mkono wa chooni niuguse uso wa Sultani?"

Ncha ikagusa ndevu, udevu mmoja ukadondoka.

"Uweke chini, nakuamuru!"

"Hata ukiniamuru wewe mwenyewe, ndivyo ulivyosema. Na mkono wangu bado naupenda."

Majemadari wakajiuma midomo. Sultani akawa wa kwanza kucheka, hata sabuni ikamwingia puani, akaifuta ile amri. Faki akauweka mkuki, akatoa wembe, akasema taratibu, "Marehemu babu yako aliuteka mji huu kwa mkuki, Bwana. Siku ya pili aliutundika mkuki ukutani, akaagiza kinyozi. Kinyozi huyo alikuwa babu yangu."

Sultani akanyolewa vizuri. Kisha akampa Faki kiti barazani, naye Faki akaketi na wembe wake mapajani. Askari wote wakawa wanamwamkia kwa adabu, kwani ndiye mtu pekee aliyemwekea Sultani mkuki kooni, akatunzwa.