Mwenyeji wa Kitanda Kimoja

Mtu mmoja alikuwa na watoto wengi, na hakumzaa hata mmoja. Jina lake Felista, afisa ustawi wa jamii katika mji mdogo, na watoto wenyewe ni wale wa makao ya kulelea watoto, wanaohurumiwa na kila mtu na kuheshimiwa na wachache.

Miongoni mwao alikuwamo Mwanaidi, binti aliyekutwa stendi ya mabasi akiwa kimya, na kimya akabaki. Hakuna aliyejua kwao ni wapi. Mkuu wa makao alichoka naye. Akasema ikifika Ijumaa kabla binti hajataja ndugu hata mmoja, atahamishiwa mkoa wa mbali. Na Felista alijua kwamba akishapelekwa huko, ndugu zake hawatampata tena. Jambo hilo lilimnyima raha.

Alikuwa amejaribu kila njia. Alipeleka peremende, alipeleka sketi mpya, alifunua pazia lililozunguka kitanda cha binti, akaketi na kumbembeleza. Binti akageukia ukuta. Siku moja, Felista akiwa ameketi pale kitandani, waliingia wageni walioleta misaada. Nao wakafunua pazia, wakapiga picha, wakampapasa Mwanaidi kichwani, wakatoka. Felista aliona haya, maana yeye naye alikuwa ameingia vivyo hivyo. Nyumbani kwake hata mama mkwe hupiga hodi.

Tangu hapo akawa anasimama nje ya pazia. Alipiga hodi, na asipoitikiwa mara ya tatu aliondoka, kama afanyavyo mtu yeyote mwenye adabu. Wenzake walimcheka mpaka basi. Tangu lini mtu akapiga hodi kwenye kitanda cha serikali? Mkuu alimwambia anapoteza muda, na kweli muda ulikuwa unayoyoma. Felista aliogopa sana, lakini hakuingia.

Ijumaa gari likaja. Dereva hakuzima hata injini. Felista akasimama mahali pake, akapiga hodi. Kimya. Akapiga tena. Kimya. Akapiga ya tatu, akangoja kupita desturi, kisha akageuka aondoke.

"Karibu ndani, mama," ilisema sauti nyuma ya pazia. "Karibu ukae."

Mwanaidi alikuwa amesogeza shuka upande mmoja ili mgeni wake apate pa kukaa. Felista alikaa, akalia bila kujificha. Binti akamwacha alie mpaka atosheke, kisha akataja jina la bibi yake, na kijiji, na mto unaopita nyuma ya shule. Maneno yakamtoka kama ya mtu aliyeyatunza kwa ajili ya siku yake.

Felista alitoka uani na kumwambia dereva ageuze gari. Mkuu wa makao akaandika jina la kijiji kwenye karatasi ya safari. Basi gari lile lile lililokuja kumpeleka mbali ndilo lililompeleka kwao, na lilipoingia kijijini wanawake walipiga vigelegele hata kabla ya kuuliza. Bibi alitoka mbio na mwiko mkononi, ugali ukiungua jikoni, na hakuna aliyejali.

Nanyi mnaosikia haya: yule mnayemlisha na kumvika, mmewahi kumwachia nafasi ya kuwa mwenyeji wenu?