Farasi Aliyeshinda Kinuni

"Paukwa!"

"Pakawa!"

"Pakawa na nini?"

"Na mji, na ukuta, na vumbi!"

"Vumbi la nani?"

"Tutamjua likitulia!"

Basi tegeni masikio. Hapo kale palikuwa na mji uliozungushiwa ukuta wa duara, kama mdomo wa chungu. Humo aliishi bwana mmoja, jina lake Bwanaheri. Msimdhanie ubaya. Mgonjwa alimjulia hali, mwenye njaa alimlisha. Ila alikuwa na ugonjwa wake mmoja: alipenda kutazamwa. Akishona joho, lazima apite sokoni. Akinunua kilemba, lazima apite sokoni. Na aliponunua farasi mweupe akamwita Upepo, jamani, soko lilichoka!

Jirani yake alikuwa Bi Mwanamize, mjane, mkamuaji wa mafuta ya ufuta. Kinu chake kilizungushwa na farasi wa kijivu, mbavu nje, masikio yamelala. Akiitwa Mashudu, maana chakula chake kilikuwa hayo mashudu, makapi ya ufuta yabakiayo mafuta yakishatoka. Kila asubuhi alifungwa kitambaa machoni asishikwe na kizunguzungu, kisha akazunguka, akazunguka, akazunguka. Bi Mwanamize akimwimbia, nanyi mwitikieni:

*Zunguka, Mashudu, zunguka,*
*Mafuta hayaji kwa haraka,*
*Zunguka, baba, tutafika.*

Na kinu nacho kikilia. Bwanaheri akijilaza adhuhuri, kwiii! Akigeukia ukutani, kwiii! Akijifunika mto kichwani, kwiii!

Siku moja mbiu ya mgambo ikalia, nanyi mwajua ikilia kuna jambo. Sultani ataka mashindano ya farasi! Desturi ya mji ilikuwa kukimbia moja kwa moja, kutoka langoni hadi kisimani. Bwanaheri akaenda kwa Sultani.

"Maulana, mbio hizo ni fupi mno. Farasi hupita mara moja tu. Aliyepiga chafya hakumwona. Wauzunguke ukuta mara tatu, watu washibe."

Sultani akacheka, akakubali.

Akirudi, Bwanaheri akapitia kinuni. Watu wamejaa, na vibuyu vyao vya mafuta. Hapo ugonjwa ukampanda.

"Bi Mwanamize! Farasi wako huyu hushinda wapi?"

"Hushinda kinuni, bwana."

"Basi na ashinde kinuni! Uwanjani watashinda wengine."

Watu wakaangua kicheko. Bi Mwanamize akajifuta mikono.

"Yeye mwenyewe hajasema kwamba hawezi."

"Ati nini? Mashudu na Upepo? Tuweke dau! Akishindwa, kinu hiki kiondoke hapa, nipate usingizi wangu."

Bi Mwanamize akakitazama kinu. Ndicho alichoachiwa na marehemu mumewe. Ndicho kilichomlisha. Kikiondoka, ataondoka nacho kwenda wapi?

"Na akishinda?" akauliza.

Bwanaheri akawatazama watu. Watu wakamtazama. Ah!

"Akishinda huyu, mimi Bwanaheri nitashinda kinuni! Nifungwe kitambaa, na niimbiwe!"

Muuza kahawa akamnong'oneza mwenzake, "Debe shinda haliachi kutika."

Siku ikafika. Farasi wakapangwa langoni. Bwanaheri juu ya Upepo, kilemba kimesimama. Bi Mwanamize juu ya Mashudu, amekalia gunia la ufuta. Akainama, akamfunga farasi wake kitambaa machoni.

"Bibi, wampeleka mbioni au kulala?" watu wakapiga kelele.

"Hivi ndivyo aijuavyo kazi," akajibu.

Ngoma ikapigwa. Duru ya kwanza Upepo akaruka kama jina lake, akawaacha wote. Bwanaheri akipita langoni akawapungia watu mkono. Nyuma kabisa, kwenye vumbi: *Zunguka, Mashudu, zunguka.* Watu wakacheka.

Duru ya pili Upepo bado yuko mbele. Lakini alizoea njia iliyonyooka, na ukuta ule haukunyooka popote. Kila mara alitaka kwenda zake mashambani; kila mara Bwanaheri akamvuta. Mvute, mrudishe, mvute, mrudishe. Bwanaheri akaona malango mawili, hakujua ampungie nani. Nyuma yake: *Mafuta hayaji kwa haraka.* Watu hawakucheka.

Duru ya tatu dunia ikazunguka. Farasi wengine walishapotelea mashambani. Upepo akayumba kama mlevi, Bwanaheri akaikumbatia shingo yake. Akausikia wimbo uko mgongoni. Akausikia uko sikioni. Akausikia uko mbele! Maana Mashudu miaka yote alivuta mti mzito wa kinu, na leo hakuwa na cha kuvuta ila hewa. Vumbi halikumhusu, kona haikumhusu. Masikio yaliyolala yakasimama. *Zunguka, baba, tutafika*, na mji mzima ukaitikia: *tutafika!*

Akafika. Akalipita lango peke yake. Wala hakusimama! Akaendelea na duru ya nne, kwani nani alimwambia kazi imekwisha? Watu wakamkimbilia nyuma wakiimba, wake kwa waume, na Sultani kavua viatu.

Vumbi likatulia. Bwanaheri akashuka, na kwa mara ya kwanza akatamani asionekane.

Sultani akamhurumia. "Yale yalikuwa maneno ya mzaha. Nenda nyumbani."

"La, maulana. Muungwana ni vitendo."

Asubuhi akaenda kinuni, akafungwa kitambaa, akaimbiwa. Akazunguka, akazunguka, akazunguka. Gizani mle hakujua anatazamwa na nani, na kufika alasiri akawa hajali tena. Mashudu alisimama kando, akitafuna ufuta mtupu. Na kinu kikalia: kwiii! kwiii!

"Bi Mwanamize, kwani huu mti haupakwi mafuta?"

"Mimi nilishazoea sauti yake, bwana. Nawe jirani miaka yote hii hukuniambia."

Bwanaheri akafungua kitambaa. Akachota mafuta aliyoyakamua mwenyewe, akaupaka mti. Kinu kikanyamaza kimya.

Jua likiinama, Sultani akapita. "Bwanaheri, umeshindaje?"

Watu wakajizuia kucheka. Bwanaheri akajifuta jasho.

"Jana nilishindwa, maulana. Leo nimeshinda vyema."

Ndiyo maana, wasema watu wa mji ule, mkikutana jioni huulizana: umeshindaje?

Hadithi yangu imezunguka, imerudi langoni. Ikiwa tamu, chovyeni nyote. Ikiwa chungu, mashudu yake niachieni mimi.